Mbegu ya Kienyeji Ina Mwenyewe

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru huukumbuka mji wa Gilgil kwa mambo mawili: mizani ya kupimia malori kando ya barabara kuu, na moshi wa nyama choma unaomlaki pale Kikopey. Mimi naukumbuka kwa jambo la tatu, nalo ni kibuyu. Kibuyu chenyewe kilining'inia juu ya meko ya mama yangu, nje kidogo ya mji huo, kimepigwa weusi na moshi wa miaka mingi hata asiyekijua asingedhani kwamba ndani yake mna kitu cha thamani. Humo mlikuwa na mbegu za managu, terere, maboga na kunde. Kila aina ilifungwa katika kitambaa chake, na kila kitambaa kilikuwa na fundo ambalo mama aliweza kulitambua gizani.

Mapema mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiungua kwa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia nyingi zilizofukuzwa makwao zilikimbilia sehemu za Naivasha, Gilgil na Nakuru. Miongoni mwao alikuwako mama mmoja kutoka Burnt Forest, ambaye mama yangu alimgawia kipande cha shamba alime mboga. Alifika na watoto watatu, sufuria moja, na leso iliyopigwa fundo kwenye pembe. Sote tulidhani fundo lile ni la pesa. Alipolifungua zilimwagika mbegu ndogo nyeusi za mboga aliyoiita sageti, kwa jina alilolizoea kutoka kwa majirani zake Wakalenjin, wale wale ambao baadhi ya vijana wao walikuwa wamemchomea nyumba. Nilimuuliza, kwa ujinga wa msomi, kwa nini katika kukimbia huko alikumbuka mbegu. Akanijibu kwamba pesa huombwa popote, lakini mbegu ile angeiomba wapi?

Mama akampa managu na kunde kutoka kibuyuni. Naye akamkatia mama nusu ya kilichokuwa lesoni. Hapakuwa na risiti wala shahidi, isipokuwa mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kigoda nikinywa chai.

Kazi yangu ni isimu, si kilimo, na msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa lugha anatafuta nini shambani. Jibu limo katika jina la mboga ile. Kiswahili sanifu huiita mgagani. Wagikuyu huiita thageti, Waluhya tsisaka, Wakisii chinsaga, na sokoni Nakuru kila mtu husema sageti. Wajaluo huiita dek, na neno lao hilo nitaliweka kando kwa leo. Lakini hayo mengine yanafanana mno hata siwezi kuamini kwamba kila jamii ilikaa peke yake ikabuni lake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakumbuka kwamba pale ambapo Kiswahili kina sauti s, Kigikuyu mara nyingi huipokea kwa th: soko huwa thoko, saa huwa thaa. Basi thageti na sageti ni neno moja lililobadilisha kanzu. Neno hilo limevuka mpaka kati ya lugha za Kibantu na zile za Kinailoti, nami nashikilia kwamba jina la mboga halivuki mpaka wa namna hiyo likiwa peke yake. Limo mkononi mwa mtu, na mkononi humo mna mbegu. Mahali ambapo historia haikuandikwa, msamiati wa mboga ni ushahidi kwamba jamii hizi zilipeana mbegu, na huenda zilipeana hata katika miaka ambayo wazee wao walikuwa wakipeana mikuki.

Neno jingine linalonisumbua ni hili la kienyeji. Shina lake ni lile lile la mwenyeji, yaani mwenye mahali, anayempokea mgeni na kumwonyesha pa kukaa. Kwa hivyo mbegu ya kienyeji, tukilifuata neno kwa uaminifu, ni mbegu ya mwenye nyumba. Lakini sikiliza linavyotumika leo. Msichana akiambiwa anavaa kienyeji, hasifiwi. Mkulima akiambiwa bado anapanda za kienyeji, anaambiwa kwa upole kwamba amepitwa na wakati. Kitu kimoja tu kimenusurika na dharau hii, nacho ni kuku, ambaye akiwa wa kienyeji bei yake hupanda. Hapo tumbo limekuwa na busara kuliko ulimi. Kinyume cha mbegu ya kienyeji, katika matangazo na hata katika vitabu vya shule, ni mbegu bora. Mwanafunzi anayejifunza msamiati huo amekwisha kuhukumu kabla ya kuona shamba.

Hukumu hiyo ya ulimi ilifikia kuwa hukumu ya sheria. Mwaka 2012 Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, ambayo asili yake ni ya mwaka 1972. Kutokana na marekebisho hayo, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa wala kuidhinishwa alijiweka katika hatari ya kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kufungwa gerezani hadi miaka 2, au vyote viwili kwa pamoja. Wakaguzi walipewa mamlaka mapana ya kuingia penye mbegu na kuzitwaa. Nilipoyasoma mambo haya kwa mara ya kwanza nilikumbuka ile leso. Akina mama wawili waliokuwa wamefanya jambo la utu kuliko yote niliyoyaona mwaka ule, wangelifanya miaka minne baadaye, wangeweza kuitwa wahalifu.

Tuwatendee haki waliotunga sheria. Mbegu mbovu ni balaa, nami nimelionja balaa hilo. Msimu mmoja nilimnunulia mama kopo la mbegu za kabeji kutoka duka moja ambalo sitalitaja. Lilikuwa na picha ya kabeji kubwa kama kichwa cha ndama. Kilichoota shambani kilikuwa majani marefu yasiyofunga, na tulipolirudisha kopo tuliambiwa kwamba kosa ni la udongo wetu. Aidha, yako maradhi yanayosafiri ndani ya mbegu. Mnyauko wa bakteria huenea katika viazi vya kupandia bila dalili yoyote kuonekana kwa nje. Ugonjwa hatari wa mahindi uliogunduliwa Bomet mwaka 2011 ulienea kwa kasi na kuwaacha wakulima wengi wa Bonde la Ufa mikono mitupu. Taifa lisilo na taasisi kama KEPHIS ya kukagua mbegu linacheza na njaa. Anayetia mbegu katika pakiti, akaweka picha na kudai bei, sharti abanwe na madai yake.

Lakini muuza pakiti ni mtu mmoja, na jirani anayegawa kunde ni mwingine. Sheria iliwavalisha kofia moja. Nionavyo mimi, sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya fikra za haki juu ya mimea ilikuja kwetu ikinukia waridi. Kenya ilijiunga mwaka 1999 na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea wenye makao yake Geneva. Maombi mengi ya mwanzo ya haki hizo nchini mwetu yalihusu maua, hasa waridi, kama yale yanayokuzwa chini ya mahema ya plastiki kando ya Ziwa Naivasha, mwendo mfupi kutoka Gilgil. Mtu aliyetumia miaka mingi kuzalisha waridi la rangi mpya anastahili mrabaha wake, na kampuni inayouza ua hilo Ulaya inaweza kuulipa. Managu hayana mzalishaji wa namna hiyo. Yalizalishwa na akina mama wasiohesabika, kila mmoja akiacha shina lililo zuri bila kulichuma hadi lizae, na hakuna hata mmoja wao aliyejaza fomu.

Yako pia mambo ambayo wataalamu wenyewe hawayasemi kwa sauti kubwa. Kiazi kinachotawala masoko yetu, kile kinachokaangwa karibu katika kila kibanda cha chipsi kati ya Naivasha na Nakuru, ni Shangi. Kiazi hiki kilienea kutoka mkulima hadi mkulima, gunia kwa gunia, kabla serikali haijakiandikisha rasmi mwaka 2015. Wakulima walikipenda kwa sababu huiva upesi chunguni na huchipua upesi ghalani. Kasoro yake ni hiyo hiyo ya kuchipua upesi, kwani hakikai. Hata hivyo, endapo kila gunia la Shangi lililobadilishwa kabla ya mwaka huo lingehesabiwa kuwa kosa, jela zetu zingejaa wakulima na vibanda vya chipsi vingekosa mali.

Ni wakulima wa Gilgil na kwingineko waliolivalia njuga suala hili. Mjini humo ndiko yaliko makao ya Seed Savers Network, shirika lililoanzishwa mwaka 2009 ambalo huwakusanya wakulima wadogo ili watunze, wazidishe na kubadilishana mbegu zao, na kuanzisha benki za mbegu vijijini. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani kuvipinga vipengele vya sheria ile. Waliegemea Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 11 inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya kiasili pamoja na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Tarehe 27 Novemba 2025, katika Mahakama Kuu ya Machakos, Jaji Rhoda Rutto aliamua kwamba vipengele vilivyowazuia wakulima kuhifadhi, kugawana na kubadilishana mbegu, pamoja na mamlaka yale ya wakaguzi ya kuvamia benki za mbegu, vilikwenda kinyume cha Katiba.

Nataka sasa niwageukie walimu, kwa sababu uamuzi wa mahakama unaweza kumwondolea mkulima hofu lakini hauwezi kumrudishia mbegu aliyokwisha kuipoteza, wala jina lake. Katika shule zetu siku hizi kuna mabango mazuri ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Septemba 2015. Wanafunzi huyakariri. Ningeomba tuwape kazi ya kulisoma lengo la pili kama wanavyosoma shairi, neno kwa neno, hasa shabaha yake ya tano. Humo mataifa yaliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 yatakuwa yamedumisha aina nyingi za mbegu na mimea ya kilimo, kwa njia mbalimbali zikiwemo benki za mbegu zinazosimamiwa vyema katika ngazi ya taifa, ya kanda na ya kimataifa. Hesabu ngazi hizo. Ni tatu, na ya chini kabisa ni taifa. Kijiji hakimo. Kibuyu hakimo. Mwaka 2020 wenyewe umekwisha kupita, na bango bado liko ukutani.

Sidharau benki kubwa. Benki yetu ya taifa ya mbegu iko Muguga, karibu na Kikuyu, tangu mwaka 1988, na siku yatakapotokea maafa tutaishukuru. Lakini mwanaisimu anaijua tofauti kati ya kamusi na wasemaji. Lugha iliyobaki kamusini imehifadhiwa, nami mwenyewe nimetumia miaka ya udaktari wangu kuzihifadhi lugha kwa namna hiyo. Walakini haizai neno jipya. Mbegu iliyogandishwa Muguga mwaka 1990 haijui kwamba mvua za Gilgil zimeyumba, wala haijakutana na wadudu walioingia baadaye. Mbegu iliyopandwa kila mwaka imekutana nao, ile dhaifu imekufa, na iliyobaki imefunzwa na udongo wenyewe. Ireland ilikuwa na viazi tele mwaka 1845, lakini karibu vyote vilikuwa vya ukoo mmoja. Ukungu ulipoingia, watu wapatao milioni 1 walikufa katika miaka michache iliyofuata, kwa njaa na kwa maradhi yaliyoandamana nayo.

Neno endelevu, ambalo limechakaa mapema kwa kutiwa katika kila hotuba, limeumbwa kutokana na kitenzi endelea, kama sikivu lilivyotokana na sikia. Sikivu ni mwenye tabia ya kusikia. Endelevu basi ni chenye tabia ya kuendelea, chenyewe, bila kusukumwa. Bustani ya shule inayongoja pakiti mpya kutoka dukani kila muhula haijaingia katika maana ya neno hili, hata iwe na bango kubwa kiasi gani langoni. Mbegu nyingi za pakiti hizo ni za haibridi. Ukizipanda tena mazao yake hutoka kila moja kwa sura yake, kama watoto wa ndugu waliooana mbali. Si hila ya mtu, ndivyo haibridi ilivyo. Lakini mwanafunzi aelezwe.

Vilabu vya 4-K vilifufuliwa Juni 2021, na walio wazee kidogo wanayakumbuka maneno yake: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mwalimu wa klabu hiyo hahitaji maabara ili kufundisha utunzaji wa mbegu. Achague pamoja na watoto mashina matano ya kunde yaliyo na afya, ayafunge utepe, apige marufuku kuyachuma majani, angoje maganda yakauke mtini. Kunde na maharagwe hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ni salama kwa kuanzia. Maboga na mchicha ni hadithi nyingine, maana nyuki na upepo huwaoza pasipo kuuliza, na aina mbili zikikaribiana mwakani utavuna ya tatu usiyoitarajia. Managu yaliyoiva hupondwa majini. Mbegu nzuri huzama, makapi huelea. Nyanya huachwa zichachuke siku mbili au tatu hadi ule ute utoke. Zote zianikwe kivulini, kisha zichanganywe na jivu ili fukusi wazikose. Mama yangu hakuwahi kusoma kitabu cha kilimo, lakini hayo yote alinifundisha kabla sijajua kusoma.

Na baada ya hayo, kila mtoto aandike jina. Hapa nasema kwa uchungu. Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, vijana wenye akili nzuri kutoka kaunti mbalimbali, kazi ya dakika kumi: waorodheshe mboga za majani kwa lugha zao za mama. Wengi walikoma kwenye jina la tatu. Mmoja aliandika kabeji, spinachi, sukuma wiki, kisha akaacha kalamu na kunitazama kana kwamba nimemwuliza jina la babu wa babu yake. Sukuma wiki, nilimweleza, ni mgeni aliyekuja na wazungu, ingawa tumemkaribisha vizuri hata tukampa jina letu. Akacheka. Wiki iliyofuata alirudi na majina 14 aliyoyapata kwa nyanya yake kwa simu, na kati ya hayo matano nyanya mwenyewe alikiri kwamba hajaiona mboga yake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Dawa ya maradhi haya haiko mbali. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia maisha yake ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizi kwa lishe, na mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Managu sasa yanauzwa katika maduka makubwa, yamefungwa kwa karatasi ya plastiki. Ninachohofia ni kwamba tutaifufua mboga na kuiacha mbegu yake iende dukani, na mtoto wa Gilgil atanunua kwa pesa kile ambacho bibi yake alikigawa bure.

Uamuzi wa Machakos ulipotolewa nilimpigia mama simu. Nilimweleza kwa kirefu, kwa ile sauti tunayoitumia sisi wahadhiri: kwamba mahakama imesema wakulima waruhusiwe kuhifadhi mbegu zao na kubadilishana na majirani. Alinyamaza kidogo, nami nikadhani mtandao umekatika.

"Kwani ilikuwa imekatazwa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, tangu mwaka 2012. Akaguna. Kisha akataka kujua kama nitapita nyumbani Jumamosi, kwa sababu kunde zimekauka, yule mama wa Burnt Forest anaumwa mgongo, na hakuna mtu wa kuzipura.